Tairi la Nyuma Kushoto

Siku Methodi alipoosha gari la mkewe ndipo alipojua kuna mwanamume mwingine.

Hakuliosha kwa mapenzi. Aliliosha kwa kuchoka kukaa. Ilikuwa Julai ya mwaka 2021, na Liverpool yote, kule kusini-magharibi mwa Sydney, ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya korona. Saiti za ujenzi zilisimamishwa, na Methodi, fundi rangi aliyezoea kupanda treni ya Parramatta kila asubuhi, akabaki ndani na brashi zake kavu. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa. Saa tano asubuhi alisikiliza idadi ya wagonjwa kwenye televisheni, na baada ya hapo hakuwa na shughuli nyingine mpaka saa tano ya kesho yake.

Vicky, mkewe, alikuwa akitoka. Alikuwa muuguzi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Campbelltown, na wazee hawafungiwi kabatini mpaka ugonjwa upite. Kila alfajiri alivaa sare yake ya buluu, akaweka barakoa, akashuka ngazi, na Methodi akasimama dirishani kutazama taa nyekundu za Corolla yake nyeupe zikipotelea kwenye kona. Tuseme ukweli, wivu alikuwa nao kabla hata hajapata sababu. Vicky ndiye aliyetangulia kufika Australia, akasoma, akapata kazi, kisha akamvuta mumewe. Gari lilikuwa la Vicky. Sasa hata barabara ilikuwa ya Vicky peke yake, kwa kibali kilichokuwa kwenye simu yake. Methodi alikuwa akimwonea wivu mtu mwenye mahali pa kwenda, akawa anaona haya kuusema.

Basi siku hiyo, Vicky akiwa mapumzikoni amelala, Methodi akashuka na ndoo. Akasugua paa, akasugua milango, akafika kwenye magurudumu. Hapo mkono ukasimama. Vile vifuniko vidogo vya valvu, viwili vilipotea tangu mwaka jana, na Methodi alikuwa anajua, maana yeye ndiye aliyesema atavinunua. Sasa vilikuwa vinne, vyote vipya, vya kijani. Akainuka akalipiga tairi teke, kama alivyozoea tangu nyumbani, maana Methodi alijisifu kulijua tairi kwa teke. Lilikuwa gumu, limejaa barabara. Akalizunguka gari akipiga teke moja moja. Yote manne yalikuwa yamejaa.

Methodi hakuwa ametia upepo kwenye matairi yale tangu kabla ya Pasaka.

Alisimama pale na sifongo mkononi, maji yakimchuruzika kwenye kiatu. Huko alikokulia, Bukoba, na Mwanza alikofanyia kazi, gari la mwanamke lilikuwa na mwanamume wake. Akiwa si mume basi ni kaka, na akiwa si kaka ni fundi pancha wa pale kona, ambaye mama anamshushia kioo nusu na kumwambia nijazie, na mama mwenyewe hata hageuki kutazama. Lakini Sydney haina fundi pancha wa kona. Pale sheli kuna mashine na bomba lake, na mwenye gari anachuchumaa mwenyewe. Kwa hiyo, kwa hesabu za Methodi, kama matairi yamejaa na si yeye aliyeyajaza, kuna mwanamume amechuchumaa. Na hakuhangaika kumtafuta mbali, jina alikuwa nalo tayari.

Jina lilikuwa Gitau.

Mambo yalianzia Pasaka, wakati watu walikuwa bado wanaruhusiwa kukusanyika. Watanzania na Wakenya walichoma nyama bustanini, na Gitau alikuwepo, Mkenya mrefu, muuguzi wa zamu moja na Vicky, mtu wa kucheka na kila mtu, na viatu vyeupe ambavyo Methodi hakuwahi kuviona vichafu. Gitau alipita karibu na Corolla, akainama, akachuchumaa.

"Buda, hizi tyre ni zako?" aliuliza. "Zimezeeka."

Methodi alikuja na uma wa nyama mkononi. Matairi yale aliyachagua yeye, kwenye yadi ya matairi yaliyotumika. Vicky alitaka mapya, Methodi akamwambia mapya ni ya wasiojua kuchagua. Alipita safu baada ya safu, akayapiga teke, akaingiza ukucha kwenye kashata, ile michoro ya mpira inayoshika lami, akaridhika na kina chake, akabeba manne kwa madaha. Tangu siku hiyo alikuwa akiyaonyesha kwa wageni.

"Kashata hiyo hapo, imejaa," alisema Methodi.

"Kashata iko poa. Lakini cheki hizi namba kwa ubavu. Mbili za mwisho ni mwaka ilitengenezwa. Rubber imekauka, ona hizi nyufa. Siku moja itakuaibisha kwa highway. Na pressure iko chini, hiyo ndiyo inamaliza kabisa."

Akatoa mfukoni kipimo kidogo cha upepo, kama kalamu nene. Vicky akaja mbio, akachuchumaa karibu naye. "Hebu nionyeshe," alisema. Magoti yao yalikuwa karibu kugusana. Methodi aliyaona magoti, hakuona kipimo.

"Inuka, Vicky," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nikiwa hai mke wangu hachuchumai kwenye tairi."

Watu wakacheka, kina mama wengine wakapiga vigelegele, mmoja akasema hapo ndipo mtu anajua ameolewa. Vicky akainuka akipangusa gauni. Gitau naye akacheka, akamkabidhi Vicky kile kipimo. "Kaa nacho, dada, mimi niko na kingine." Methodi alirudi kwenye nyama zake ameshinda. Kesho yake alikuwa aende sheli akajaze upepo. Haikuwa kesho yake, wala keshokutwa, na Vicky aliulizia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akanyamaza.

Sasa Methodi, na ndoo yake, akakumbuka huko kunyamaza. Alikuwa amedhani ni heshima.

Jioni Vicky alipoamka alimkuta mezani na chai amemwandalia, jambo ambalo si la kawaida.

"Gari linakwendaje?" aliuliza Methodi.

"Vizuri."

"Na matairi?"

Vicky alimtazama mara moja, akageuza macho kwenye kikombe. "Yako sawa."

Yale macho yaliyogeuka yalimchoma kuliko jibu lolote. Angesema ukweli kama hana la kuficha, alijiambia. Vicky alipokwenda kuoga, Methodi akafanya jambo ambalo angempiga mwanamume mwingine kwa kulifanya. Akafungua mkoba wa mkewe. Chini ya vitakasa mikono na pakiti za barakoa akakikuta kile kipimo cha Gitau, kimefungwa kwenye leso safi. Mwanamke anatembea na zawadi ya mwanamume kwenye mkoba, tena kaifunga leso, kwa sababu gani? Methodi alikuwa na jibu moja tu. Kwamba kipimo ni cha kupimia, hilo halikumpitia kichwani.

Wivu ukimkaa mtu aliyefungiwa ndani hauna pa kutembelea, unabaki kuzunguka humo humo kichwani. Angeweza kuuliza. Lakini alijiona akiuliza, yeye asiye na kazi, anayelishwa na mshahara wa mkewe, nani anakujazia upepo, na akamwona Vicky akimhurumia. Afadhali ushahidi kuliko huruma. Akafikiri mchana kutwa, na mtego alioufikiria ulimpendeza.

Jumapili jioni alishuka kutupa taka. Corolla ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jengo, upande wake wa kushoto ukielekea ukutani. Akazungukia huko, akachutama kwenye tairi la nyuma, akafungua kifuniko cha kijani na kubonyeza ulimi wa valvu kwa ncha ya ufunguo. Upepo ukatoka ukilia fiii, wa baridi, ukampiga vidoleni. Alitoa kidogo tu. Kama tairi lingebaki hivyo, basi yeye ni mjinga na Vicky hana kosa. Kama lingerudi, mtu yupo.

Siku mbili baadaye alilipiga teke. Lilikuwa limejaa.

Alipanda ngazi, na, jambo la aibu kulisema, alikuwa karibu kufurahi. Amemnasa. Jumapili iliyofuata akatoa tena, zaidi kidogo, na tairi likarudi. Akatoa tena, likarudi tena. Basi wakawa hivyo, yeye na yule mtu wake asiyemwona, mmoja anatoa na mwingine anarudisha, wakigombania mwanamke kwenye tairi moja. Kichwani alimwona Gitau waziwazi, kule kwenye maegesho ya nyumba ya wazee, amepiga goti na viatu vyake vyeupe, Vicky amesimama juu yake na chai ya mapumziko, wanacheka. Wakati mwingine alisikia hadi kicheko chenyewe. Kilichomuuma zaidi ni bidii ya mwenzake. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitunza gari lile hivyo.

Na Vicky alikuwa amebadilika. Methodi aliona, nani asingeona? Alirudi kutoka kazini kimya, akazunguka gari akilitazama chini kabla ya kupanda ngazi. Akiwa jikoni aliacha sufuria akaenda dirishani kuchungulia maegesho. Mchana mmoja aliuliza, bila kumtazama, "Methodi, ukiwa hapa huwa unaona watu wanaopita pale chini?"

Ahaa, alisema Methodi moyoni, anataka kujua kama ninachunga.

"Nawaona wote," alijibu kwa kusisitiza. "Hakuna kinachonipita."

Vicky alitabasamu, akashusha pumzi, akarudi kwenye sufuria. Methodi alilitafsiri tabasamu lile kuwa dharau, akalibeba siku nzima. Jumapili hiyo hakutoa upepo kidogo. Alibonyeza na kubonyeza mpaka ubavu wa tairi ukaanza kuvimba chini kama shavu la mwenye jino bovu. Acha mpenzi wake afanye kazi ya maana, alisema.

Jumatatu aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda ni baridi. Mvua ilikuwa inapiga vioo, mvua ya Agosti isiyo na subira. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Vicky: wenzake wawili wamepatikana na korona, ameitwa mapema, ametoka mbio, chai ipo kwenye chupa.

Methodi alikaa kitako. Ametoka mbio. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo wake, aliona kitu kingine badala ya Gitau. Aliona tairi. Aliona barabara kuu ya kwenda Campbelltown, malori, maji yametanda kwenye lami, na lile tairi la nyuma kushoto, kuukuu, lenye nyufa, nusu tupu, linajikunja na kujikunjua kwa mwendo ule. Alikwenda dirishani na pajama. Pale gari lilipokuwa kulibaki mstatili mkavu, nao ulikuwa unaanza kulowa.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, huku akijua kwamba Vicky hapokei simu akiendesha, na kwamba hata kule kuita kunaweza kumshtua, na bado akapiga. Hakuwa na gari lingine. Hakuwa na kibali. Alivua pajama akavaa suruali, kana kwamba suruali itasaidia. Kisha akafanya lile ambalo aliapa hatalifanya maishani. Alitafuta namba ya Gitau kwenye kundi la WhatsApp la Pasaka, akampigia.

"Nani?" Gitau alikuwa amelala, sauti ilisikika toka ndani ya mto.

"Ni Methodi. Mume wa Vicky. Amefika?"

"Amefika wapi, buda?"

"Kazini. Tairi la nyuma halina upepo. Nenda ukamwangalie, nakuomba. Ukimwona mwambie asiendeshe."

"Bro, mimi nilitoka huko June. Niko hospitali huku Parramatta, kwa ward ya Covid. Hata kufika Campbelltown siwezi, na Vicky sijamwona tangu hiyo time."

"Sasa nani anamjazia matairi?"

"Si anajijazia," Gitau alisema, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa nani anampigia mswaki. "Hiyo Pasaka ukienda kugeuza nyama alinimaliza na maswali. Pressure ni ngapi, unapima saa ngapi, tyre mpya unachagua aje. Kila kitu. Kwani hakukuambia?" Kisha, kama aliyekumbuka, akapunguza sauti. "Aah. Alisema nisikwambie. Alisema ulishamkataza mbele ya watu, hataki ujisikie vibaya. Usimwambie nimesema."

Methodi alishukuru, au alidhani alishukuru, akakata simu. Alikaa pale pale. Wiki zote zile hakukuwa na mwanamume. Alikuwa amepigana na mkewe, alfajiri kwa alfajiri, kwenye baridi ya sheli, Vicky amechuchumaa na sare yake ya kazi, akirudisha upepo ambao mumewe amemwaga. Methodi alimhesabia Vicky kila mtu aliyemjua Sydney, mpaka yule Mhindi wa duka la dawa, na Vicky mwenyewe hakuwahi kuingia kwenye hesabu.

Vicky hakupiga simu asubuhi ile. Saa tano idadi ya wagonjwa ilisomwa, hakuisikia. Alipiga kazini kwa Vicky, simu ikapokewa na mashine. Aliogopa kuketi, aliogopa kusimama dirishani, na kila gari jeupe lililokata kona lilimpa uhai na kumnyang'anya. Alimwomba Mungu kwa Kihaya, lugha ambayo hakuwa amesali kwayo tangu utoto. Alisema akirudi salama hatamwonea mtu wivu tena, kisha akaogopa kuwa ameahidi asichoweza.

Mchana ulikuwa umegeuka aliposikia ufunguo mlangoni.

Vicky aliingia amelowa toka kichwani. Suruali ya sare ilikuwa nyeusi kwa tope kwenye magoti yote mawili, na kidole kimoja cha mkono wa kulia amekifunga karatasi ya shashi yenye damu. Alivua viatu mlangoni, kama kawaida yake, akavipanga.

"Tairi limepasuka," alisema. "Kwenye barabara kuu, karibu na njia ya kutokea. Gari likayumba, likavuka mstari. Lori lilinipigia honi. Nikalishika, sijui hata nilivyolishika, likaenda pembeni."

"Nani amekubadilishia?" aliuliza Methodi. Hata hapo, hata siku hiyo, swali lilitoka lenyewe, naye alilisikia likitoka akatamani kulirudisha.

"Nani angenibadilishia? Mvua ile, na mtu anaogopa hata kushusha kioo. Mimi mwenyewe. Jeki ilizama kwenye tope, nikaweka ubao wa buti chini yake. Nati zilikataa, nikapanda juu ya wili spana na miguu miwili." Alikaa kwenye kiti bila kuvua koti, maji yakatiririka sakafuni. "Kisha nikaenda kazini. Wazee walikuwa hawajanywa dawa."

Methodi alimletea taulo. Hakujua la kufanya na mikono yake baada ya hapo. Vicky alijipangusa uso, akabaki ameushikilia ndani ya taulo kwa muda, na alipoanza kuzungumza alizungumza humo humo.

"Nina kitu sijakuambia. Mimi ndiye najaza upepo, tangu Pasaka. Sikutaka kukuudhi. Lakini si hilo. Lile tairi la nyuma kushoto, Methodi, kila wiki nalikuta limepungua. Nimelipaka povu la sabuni, halitoi upepo. Nimempelekea fundi, akaliweka kwenye maji, akasema halina pancha. Akaniuliza kama kuna mtu ananichukia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema simjui." Alishusha taulo. "Nikadhani ni watu wa jengo hili. Wanajua ninatoka kwa wagonjwa. Yule mama wa chini hufunga mlango nikipita. Nikawa naogopa. Nikitembea kwenda kwenye gari gizani naogopa, nikiwa barabarani naogopa. Nilitaka kukuambia, nikaona utapigana na majirani. Halafu ukaniambia siku ile kwamba unaona kila mtu anayepita, nikasema basi. Mume wangu yuko dirishani kutwa. Akija mtu atamwona. Nikaacha hata kulikagua kila siku, nikawa nalala."

Methodi alikuwa na njia ya kupita. Angeweza kusema atachunga zaidi, atafunga kamera, atagonga kwa yule mama wa chini. Vicky angeamini. Vicky alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayengoja kuambiwa hivyo hasa.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyekuwa natoa upepo. Jumapili, nikienda kutupa taka."

Vicky hakusogea. Tone la maji liliteremka kwenye paji la uso wake, likapita pembeni mwa jicho, hakulipangusa.

"Nilidhani kuna mwanamume anakujazia," alisema Methodi. "Nikataka kumjua. Nilidhani ni Gitau."

Alingoja kelele. Angezipokea kelele kwa mikono miwili. Vicky alikifungua kidole chake taratibu, akakitazama kidonda, akakifunga tena.

"Na kama angekuwepo," alisema mwisho, "ndani ya gari alikuwa nani, yeye au mimi?"

Vicky aliinuka, akaenda kuoga, na alipotoka alilala kwenye sofa akiwa ameelekea ukutani.

Hakumfukuza, wala hakuondoka. Ndugu hawakuitwa kwenye simu, wala hakuna kikao kilichowekwa. Juma hilo Vicky aliagiza matairi manne mapya, akayachagua mwenyewe: akasoma kibao kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kujua saizi, akauliza mwaka yaliyotengenezwa, akauliza yanavyoshika lami kwenye maji. Mauzo yalikuwa ya kuagiza na kufungiwa nje, mnunuzi abaki kando na barakoa yake. Methodi alikwenda naye. Hakupiga teke hata moja.

Siku chache baadaye aliomba. Alisema, nipe niwe najaza mimi, kila Jumapili, nipe hilo tu. Alikuwa amenunua mtandaoni kipimo kipya, kikubwa, chenye tarakimu zinazowaka. Vicky alikipokea, akasema asante, akakiweka kwenye droo ya vijiko. Kuhusu lile ombi alifikiri siku mbili, kisha akasema sawa.

Basi Jumapili asubuhi, kukiwa hakujapambazuka vizuri na matairi yakiwa bado ya baridi, maana ndivyo inavyotakiwa yapimwe, waliendesha mpaka sheli. Methodi alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, akafungua vifuniko vya kijani kimoja kimoja, akaweka bomba, akangoja mashine ilie. Alifanya kazi safi. Alianzia mbele kulia, akazunguka, akamalizia nyuma kushoto, akakaza kifuniko kwa vidole viwili, akainuka na kurudi nyuma hatua moja kama fundi rangi anayetazama ukuta wake.

Ndipo Vicky alipofungua mlango, akashuka, akatoa kwenye mkoba ile leso, na kwenye leso kile kipimo cha Gitau. Alichuchumaa kwenye tairi la kwanza akapima, akasoma, akaenda la pili. Wivu wa zamani ukamnyanyukia Methodi kooni, kwa kile kijiti cha chuma kilichokaa vizuri mkononi mwa mkewe, kinachoaminiwa kuliko yeye. Akaumeza, akasimama mikono mfukoni, akangoja mpaka Vicky azunguke gari lote.

Tairi la nyuma kushoto alilipima mara mbili.